Mbwa wa Tabaka la Juu

Mama Vifungo, fundi cherehani, anaapa kwamba alimwona Bwana Lainisha akitoka mbio katika ofisi ya walinzi, kiatu kimoja mguuni, akifukuzwa na mbwa asiye na miguu ya nyuma. "Mbwa mnene, ana kofia," husema, pini zikiwa katikati ya midomo. "Na alikuwa anacheka. Mbwa, mchana kweupe, anacheka!" Ukimuuliza mbwa asiye na miguu ya nyuma alikimbiaje, hukujibu kwamba yeye ni fundi wa nguo, si fundi wa mbwa.

Tusimvunjie mama wa watu heshima. Kiatu ni kweli. Kofia ni kweli. Hata miguu ya nyuma, kwamba haikuwepo, ni kweli tupu. Ila mbwa mwenyewe hakuwa na pumzi. Aliishi ndani ya kompyuta.

Bwana Lainisha hakuwa na kazi, lakini hakukosa shughuli. Shati lake lilipigwa pasi kila siku, leso yake ilikuwa nyeupe, na ulimi wake ulikuwa kama umepakwa mafuta. Angemuuzia mwenye kipara kitana, na mwenye kipara angeuliza kama kipo kikubwa zaidi.

Siku moja aliingia steshenari ya kona kukwepa jua, akajifanya anachagua madaftari. Nyuma ya kaunta, binti wa steshenari alikuwa anachora mbwa kwa kipanya cha kompyuta. Duara kubwa likawa tumbo. Duara dogo likawa kichwa. Duara la tatu akalivuta ncha likarefuka, akalikunja, likawa sikio. Akaweka ulimi mwekundu, na mbwa akacheka.

"Kompyuta hiyo ni ya kuchapa barua, si ya kufugia mbwa," alisema shangazi yake, mwenye duka, akipita na ufagio. "Mwezi ukiisha naiuza. Hapo naweka friji la soda."

Binti alijua shangazi hatanii, maana vipimo vya friji vilikwisha kuchorwa kwa chaki ukutani. Miaka miwili alikuwa amejifundisha programu ile ya kuchorea, kitufe kwa kitufe, saa ambazo wateja hawakuwepo. Kompyuta ikiuzwa, ujuzi wote ule ungebaki vidoleni bila pa kwenda. Alichotaka ni kazi ya kuchora, popote penye kompyuta, kabla ya friji kufika.

Bwana Lainisha alisikia neno moja tu: mbwa. Kwa sababu asubuhi ile ile alikuwa amesikia kwamba Meja anatafuta mbwa.

Meja alikuwa na kampuni ya walinzi. Jeshini hakuwahi kufika hata kupeleka barua. Kampuni ilikuwa na walinzi kumi na mmoja, filimbi nne, na mbwa hakuna. Wateja walikuwa wanalilia mbwa, na Meja alikuwa ameona mbali: mbwa wa kweli anakula, mbwa wa kwenye bango hali. Atawatoza ulinzi wa mbwa, awatundikie picha getini. Mtu wa namna hiyo, jamani, ukimkuta njiani ni dhambi kumwacha mzima.

"Dada yangu," alisema Bwana Lainisha, leso machoni, "nina mtoto nyumbani ana surua. Siku ya tatu leo hali, anaita mbwa tu. Nitolee huyo nimpelekee."

Binti aliitazama leso. Ilikuwa kavu kama karatasi. "Pole, kaka," akasema, akamwekea mbwa kwenye flashi.

Haikupita nusu saa, mbwa alikuwa mezani kwa Meja.

"Huyu anacheka!" Meja alifoka. "Mimi nataka mbwa wa kutisha."

"Mkuu, mbwa anayebweka mwizi anamjua. Anamrushia mfupa, yamekwisha. Lakini anayecheka? Mwizi atasimama ajiulize: huyu ameona nini nyuma yangu? Atageuka. Akigeuka hivi, mlinzi wako anapata nafasi ya kuamka."

Meja alifikiri. Ile sehemu ya mlinzi kuamka ilimgusa.

"Umechora wewe?"

"Kwa mkono huu." Akainua wa kushoto, akakumbuka, akainua wa kulia.

Pale pale akawa Mkuu wa Idara ya Michoro. Alipewa chumba, kiti cha kuzunguka, kofia ya kampuni, na kompyuta yenye programu ile ile. Barua ya ajira angepata Ijumaa, mabango yakiwa tayari kuchapwa. Kazi ya kwanza ya Mkuu wa Idara ilikuwa kuifunika kompyuta kwa kitambaa. "Vumbi," alieleza.

Kesho yake alirudi steshenari. "Mtoto anaendelea, dada, lakini anataka mbwa avae kofia."

Binti akamvalisha mbwa kofia.

Keshokutwa: "Sasa anataka mbwa ashike rungu."

"Mtoto wa surua anataka rungu?"

"Ana ndoto kubwa."

Siku iliyofuata mtoto alitaka namba ya simu chini ya mbwa.

"Ana simu?"

"Ni ya mama yake."

Binti aliiandika namba, akaisoma mara mbili. Ilikuwa imebandikwa kwenye kila nguzo ya mtaa ule, juu yake neno ULINZI. Alimpa kaka flashi yake, akamwambia amsalimie mgonjwa.

Hapa pana neno la ufundi, tuvumiliane. Anayechora kwa programu zile hachori mbwa mmoja. Tumbo linakaa kwenye tabaka lake, mkia kwenye lake, ulimi kwenye lake, nayo yanalaliana kama mashuka kitandani. Mwenye matabaka anaweza kutikisa mkia bila kugusa tumbo. Mteja wa kawaida hapewi matabaka. Anapewa picha iliyokwisha kubanwa ikawa bapa, aende nayo nyumbani akaibandike ukutani.

Alhamisi mchapaji wa mabango akampigia Meja simu. Meja alisikiliza, akaziba simu kwa kiganja.

"Anauliza, mbwa wetu ana matabaka mangapi?"

Bwana Lainisha alisimama kama mtu aliyetukanwa ukoo. "Mkuu! Ningekuchorea wewe mbwa wa tabaka la chini? Huyu ni wa tabaka la juu!"

Meja akavimba kwa furaha. "Ni wa tabaka la juu!" aliiambia simu. "Ndiyo. Moja tu, la juu kabisa." Akasikiliza. Furaha ikaanza kumtoka kama upepo kwenye mpira. "Mchapaji anacheka. Anasema bila matabaka yote, kwenye bango kubwa mbwa atatoka kama ukungu."

"Yote?"

"La juu, la kati na la chini, nadhani. Labda ni sheria mpya."

Bwana Lainisha alikwenda steshenari akitweta. "Dada, naomba mbwa wa matabaka yote. Mtoto wangu hapendi ubaguzi."

Kwa mara ya kwanza binti alitabasamu. "Kaa hapo, kaka, nikutengenezee vizuri."

Alichukua muda. Aliandika hiki, akaandika kile, shangazi akiguna nyuma yake. Mwisho akamweleza: "Kila tabaka lina jina lake, na pembeni lina jicho. Ukibonyeza jicho linafumba, na kiungo hicho kinapotea. Usiguse ovyo."

Bwana Lainisha aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelekezwa nyumbani kwake mwenyewe.

Ijumaa Meja aliiweka barua ya ajira juu ya meza, akatoa kalamu. Lakini kabla ya kusaini akavuta kitambaa kutoka kwenye kompyuta. "Nimwone kwanza huyo mwananchi wa matabaka yote."

Flashi ikaingia. Mbwa akajaa kioo kizima kilichoelekea dirishani, na kando yake orodha ya matabaka. Meja alivaa miwani. Alikuwa na kawaida ya kusoma kila kitu kwa sauti, kama amri.

"Mkia. Tumbo. Miguu ya nyuma. Kofia ya mtoto mwenye surua." Akasogeza miwani. "Rungu la mtoto huyo huyo, surua ikiendelea. Simu ya mama yake." Akaitazama namba. "Hii ni yangu. Mimi ni mama wa nani?"

"Lugha ya kitaalamu, mkuu," alisema Bwana Lainisha, akarukia kipanya ili aifiche orodha. Akabonyeza jicho. Miguu ya nyuma ikatoweka.

"Unamfanya nini mbwa wangu!"

"Anakaa, mkuu. Nimemwambia akae."

Lakini Meja alikuwa amefika mstari wa mwisho. "Mchoraji: binti wa steshenari ya kona. Wazi hadi saa kumi na moja."

Bwana Lainisha hakusubiri saa kumi na moja. Alichomoa flashi, maana mkono uliozoea kuchukua hauhitaji kuagizwa, akaruka. Waya wa kompyuta ukabaki na kiatu chake. Mama Vifungo, dirishani kwake ng'ambo ya barabara, alikosea jambo moja tu: mbwa hakuwa nyuma ya Bwana Lainisha. Alikuwa mfukoni mwake. Tangu siku hiyo bwana huyo hajaonekana huku, ingawa inasemekana kuna mtaa fulani wa mbali ambako anapigiwa saluti kwa sababu ya kofia.

Meja alifika steshenari kabla jasho halijamkauka.

"Binti yangu, nimekuja kukutendea haki. Mashine ya mchapaji imewashwa, mbwa tu ndiye anayesubiriwa. Nipe mwenye matabaka, na kazi ni yako kuanzia Jumatatu. Neno la mwanajeshi."

Binti alibonyeza kitufe. Printa ikakohoa, ikatoa karatasi moja: barua ya ajira, Mkuu wa Idara ya Michoro, chumba, kiti cha kuzunguka na kompyuta, kama Bwana Lainisha alivyojitapa mtaa mzima, na mahali pa saini ya Meja. Akaiweka juu ya kaunta, na kalamu juu yake.

"Kumbe na wewe una barua!" alicheka Meja, kicheko kifupi. "Jumatatu, binti yangu, Jumatatu. Leo nipe mbwa."

"Kazi yenyewe ndiyo hii hapa, baba. Saini tu."

Simu ikalia mfukoni mwa Meja. Alikuwa mchapaji.

"Basi nipe nusu. Kichwa na tumbo."

Shangazi alikuwa ameacha kufagia. Alisimama karibu na michoro yake ya chaki, akimtazama mpwa wake kama anayemwona leo.

"Masikio, basi? Masikio na ulimi?"

Mteja aliingia na kitambulisho. Binti akakipokea kwa mikono miwili, akakilaza kwenye mashine ya fotokopi, akafunika. Mwanga ukapita taratibu chini ya kifuniko. Simu ililia tena. Meja alichukua kalamu, akaifungua, akaifunga, akainama juu ya kaunta mpaka kofia yake ikagusa madaftari.

"Mkia tu, binti yangu. Nitoke hata na mkia?"