Sahihi Hii Ni Sahihi

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Notisi imebandikwa ofisini. Makarani wa mizigo wa reli tutapunguzwa kufikia Desemba. Kazi ikienda, nyumba ya Makongeni inaenda nayo, maana nyumba ni ya kazi. Mke wangu Kalekye aliposikia aliuliza kama kitanda chetu kitapita kwenye mlango wa chumba kimoja kule Kware. Nikamwambia asipime kitanda kwanza. Amepima.

Lakini nina mpango! Kijana Fahim, aliyehamia juzi kutoka Mombasa, amefungua duka la kompyuta Pumwani. Laini moja ya simu, kompyuta mbili, moja ya kuangaliwa tu. Anasema ndani ya intaneti kuna mnada ambako watu huuziana hata sahihi za watu mashuhuri, na hakuna anayepaza sauti. Mjerumani mmoja anatafuta sahihi ya Radi, yule bondia wa Pumwani aliyepigana Hamburg mwaka 1967. Fahim anaogopa kumuuzia bandia. Anataka mpimaji. Mzigo wa kwanza ukikubaliwa Ujerumani, mpimaji atapewa meza na mshahara.

Meza hiyo ni yangu. Miaka ishirini na miwili nalinganisha sahihi za wenye mizigo. Hakuna sanduku lililokwenda kwa asiye mwenyewe, ila lile la kuku, na hata hapo sahihi ilikuwa safi. Kuku ndio hawakuwa wake.

Tena ninayo sampuli. Mwaka 1969, darasa la saba, nilinunua sahihi ya Radi kutoka kwa Gachanja kwa chapati mbili. Alisema mjomba wake alikuwa akimbebea Radi ndoo ulingoni. Imelala ndani ya Biblia yangu tangu siku hiyo, kwenye Mambo ya Nyakati, mahali pasipofunguliwa na mtu.

Jumanne, 7 Septemba

Nimetunga Kanuni Saba kutokana na sampuli. Ya kwanza: R iiname mbele kama mtu aliyebeba gunia. Ya tatu: nukta ya i iruke mbali kulia kama imepigwa ngumi. Ya tano: usafi wa karatasi. Zilizobaki ni za rula, sitaziandika hapa, daftari likiibwa itakuwa hasara.

Nikapitia kwa mchonga mihuri River Road. Nilitaka mihuri miwili: SAHIHI HII NI SAHIHI, na SAHIHI HII SI SAHIHI. Akasema nimerudia neno. Nikamweleza kwamba sahihi ya kwanza ni ile ya kalamu, ya pili ni ile ya ukweli. Akauliza basi ipi ndiyo sahihi. Nikaanza upya. Mara ya tatu akanikatiza: mzee, kaa hapo kwenye benchi, nitachonga tu.

Mihuri imetoka vizuri. Tofauti ni herufi moja. Nimeifunga nyuzi: NI nyekundu, SI nyeusi.

Alhamisi, 9 Septemba

Fahim amenipa kiti cha majaribio, mchana nikitoka kazini. Wa kwanza kuingia alikuwa nani? Gachanja! Siku hizi ana studio ya picha Kaloleni na tumbo la mwenyekiti. Akaniita Profesa mbele ya watu. Niaje, Profesa, nasikia umekuwa hakimu wa kalamu?

Ameleta picha nne za Radi, zote na sahihi. Nilimwambia asubiri nje. Niliutamani sana muhuri wa nyuzi nyeusi. Nikapima picha ya kwanza: kanuni saba kwa saba. Ya pili, saba. Ya tatu nikaigeuza juu chini. Saba. Ya nne nikapima nikiwa nimezuia pumzi. Saba!

Sielewi. Mtu ambaye hajawahi kurudisha hata kifutio, leo ana vitu vya kweli vinne. Lakini kanuni ni kanuni. Nikapiga muhuri wa nyuzi nyekundu mara nne, kila pigo likiniuma.

Gachanja alicheka mpaka akashika mlango. Akauliza kama bado ninayo ile karatasi ya chapati. Nikamjibu imo ndani ya Biblia. Akacheka upya, akaniambia niitunze vizuri, hiyo ndiyo mama yao wote.

Nimeyachukua kama sifa.

Jumamosi, 11 Septemba

Siku ya matapeli. Watu wawili wamekuja wakisema wao ndio Radi. Mmoja ana miaka thelathini.

Wa tatu alikuja saa tisa. Mzee Abdurahim, muuza kahawa wa Majengo, mwembamba kama ufito, kofia safi, birika lake la shaba mkononi. Dele, wenyewe wanaliita. Alitusalimia wote kwa zamu, mpaka kompyuta mbovu. Akatoa bahasha. Ndani picha ya bondia kijana, glavu shingoni, na pembeni doa kubwa la wino wa zambarau.

Akasema: mwanangu, huyu ni mimi.

Nikamuuliza kwa heshima sahihi iko wapi. Akanyosha dole gumba. Sahihi yangu hii, akasema. Na mimi nikamnyoshea dole langu, maana adabu haigharimu kitu. Akatazama dole langu kwa muda. Akarudia, hii. Nikarudia na mimi. Tungeweza kukaa hivyo mpaka magharibi.

Nikaamua kumpima kwa historia. Nikamuuliza kilichotokea raundi ya tatu kule Hamburg. Akasema hakumbuki, alikuwa amepigwa. Mimi naikumbuka raundi nzima, nami nilikuwa jikoni kwa mama nikisikiliza redio!

Sahihi hakuna. Historia hakuna. Kanuni ya tano, usafi: doa. Nikapiga muhuri wa nyuzi nyeusi juu ya doa lenyewe, ili angalau lifunikwe. Nikamweleza taratibu kwamba yeye si yeye. Hakukasirika. Alisema amewahi kuangushwa na watu wazito kuliko mimi, akanimiminia kikombe, akaenda zake na picha yake.

Kahawa nzuri sana. Masikini, mtu mwema hivyo kujidanganya.

Jumapili, 12 Septemba

Baada ya ibada nilimsimulia Kalekye. Akaacha kumenya viazi. Akasema: Baba Ndunge, mamangu alipokea pensheni ya marehemu baba kwa dole miaka tisa. Nikamwambia hapa tunazungumzia ndondi, si pensheni. Akasema haya. Akaendelea kumenya, kwa nguvu kuliko kiazi kinavyohitaji.

Sijui pensheni imeingilia wapi.

Ijumaa, 17 Septemba

Fahim amezipitisha picha za Gachanja kwenye mashine ya kunakili ya kompyuta na kuzipeleka Hamburg kwa simu. Kila picha ilichukua dakika arobaini. Picha ya tatu ilikuwa imefika kifuani pale mama mmoja alipotaka kupiga simu, laini ikakatika, ikabidi Radi aanze tena kutoka nywele. Nilikaa na shati jeupe mpaka mwisho. Nimeipima ile meza: inchi arobaini na nane kwa ishirini na nne. Droo mbili. Moja ya NI, moja ya SI.

Jumatatu, 20 Septemba

Jibu limefika. Fahim alilisoma mara mbili kimya, ya tatu kwa sauti.

Mjerumani anasema babake ndiye aliyeandaa pambano lile. Mkataba uko kwenye droo yake mpaka leo. Radi hakujua kusoma wala kuandika. Alitia dole. Hajawahi kushika kalamu duniani. Picha zetu nne ni bandia, kila moja. Anataka picha yenye dole. Tena ameutazama muhuri wetu kwenye kamusi, akapata "kweli hii ni kweli", anauliza kama ni wimbo.

Fahim aliniangalia. Ankal, akasema, si kuna mzee alikuja hapa na dole?

Nikasema ngoja nifikiri. Nilifikiri mpaka Kaloleni, mbio, Biblia kwapani. Gachanja hakukana hata kidogo. Ile sampuli aliiandika mwenyewe, nyuma ya vyoo vya shule, kwa kalamu nyekundu ya mwalimu. Mkono ule ule umeandika hizi nne. Ndiyo maana zilipita! Nikamwambia hiyo inaonyesha jinsi kanuni zangu zilivyo kali: zimemtambua bila kosa, mara nne. Alinikubalia. Kuhusu chapati, alisema zilikuwa mbichi katikati, kwa hiyo hatudaiani.

Jumatano, 22 Septemba

Tulimkuta Mzee Abdurahim karibu na msikiti, amezungukwa na wazee wenzake. Nikauliza kama kuna anayemfahamu Radi. Wazee sita wakamnyoshea Mzee mkono bila kuacha kunywa. Fahim akawalalamikia, mbona hawakumwambia? Mmoja akajibu: kwani uliuliza, mjukuu wangu?

Niliomba radhi. Nilikuwa nimeiandaa kwa vipengele. Mzee akanikatiza kwenye kipengele cha pili, akaniambia nikae, kahawa inapoa. Picha aliitoa mfukoni. Dole bado linaonekana chini ya maneno yangu, kama mtu anayechungulia dirishani: SAHIHI HII SI SAHIHI.

Fahim aliipeleka Hamburg jioni hiyo hiyo.

Ijumaa, 24 Septemba

Mjerumani ameinunua, muhuri na yote. Ameandika kwamba mistari ya dole inafuatana na ya mkataba, na kwamba babake alikuwa akimtaja Radi mpaka siku ya kufa. Mzee alitaka kusomewa sehemu hiyo mara tatu. Akavua kofia, akaivaa tena. Sijaona mtu akikaa wima vile.

Meza amepewa yeye. Inchi arobaini na nane kwa ishirini na nne. Wateja wanapanga foleni, anatia dole kwenye picha mpya, anawamiminia kahawa. Dele liko kwenye droo yangu ya NI.

Nilipotoka, alininyoshea dole. Safari hii sikujua kama ni sahihi au ni salamu.

Jumanne, 28 Septemba

Nimepata usingizi mdogo na wazo kubwa. Kosa langu lilikuwa kalamu. Biashara iko kwenye dole!

Fahim amenipa nakala ya mkataba wa 1967, nadhani ili niondoke. Nimenunua lenzi. Nimetunga Kanuni Tisa za Dole. Nimelinganisha dole la mkataba na dole alilotia Mzee jana kwenye picha mpya. Mistari saba inafanana. Lakini katikati ya lile la jana kuna mfereji unaokatiza kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye mkataba haumo!

Nilikwenda kumuuliza. Hakushtuka. Alisema miaka kumi iliyopita dole liliungua kwa dele.

Dole. Dele. Mtu mwenye kisa cha kweli hawezi kuwa na maneno yaliyofanana hivyo. Mimi ni karani wa mizigo, nimesikia visa vyote.

Kwa hiyo aliyeko kwenye ile meza si Radi. Wale wazee sita wanashirikiana naye. Namwandikia Mjerumani usiku huu, na chini ya barua nitatia sahihi yangu, dole langu, na muhuri wa nyuzi nyekundu, asiwe na shaka. Fahim akiona, meza itarudi kwa mwenyewe.

Kalekye amemwita fundi akate miguu ya kitanda, ili kipite mlangoni kule Kware. Sijui ana haraka ya nini.