Nyota ya Mzizi na Kiwele cha Žalmargė

Kijiji cha Gervėnai, Lithuania
Mwezi wa Agosti

Kwa Mkuu wa Idara ya Lugha za Kale, Vilnius

Mheshimiwa Profesa,

Kwa heshima na huzuni nakuarifu kwamba Jumatano iliyopita ng'ombe Žalmargė wa kijiji chetu alichelewa kukamwa. Huko mjini mtasema ni jambo dogo. Yeye hakuliona hivyo, wala ndoo aliyoipiga teke.

Chanzo ni mjumbe wako. Kila kiangazi unatuletea Daktari Skirmantė na kinasa sauti, kwa kuwa jirani yangu, mjane Veronika Jakštienė, hulitamka neno letu la kukama, melžti, karibu kama walivyolitamka wahenga. Tunashukuru. Malalamiko yanafuata.

1. Daktari alimkuta Veronika ameshaketi kwenye kigoda. "Shangazi, hebu sema 'ninakama'." Akasema. "Tena, polepole." Akasema. Alipoombwa aseme kama anayemwambia mtu wa mbali, alichoka. "Mwanangu, unanifanya mwongo. Ninakama, ninakama, na chuchu sijaigusa."

2. Tumeelezwa kwamba neno letu lina babu, mzizi melg, uliosemwa maelfu ya miaka iliyopita na watu wasiojua kuandika. Wataalamu wameuunda upya kwa kulinganisha wajukuu, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuona umeandikwa, wameuwekea nyota mbele. Mheshimiwa, hapa kwetu anayedai kuwa na kitu ambacho hakuna aliyekiona hapewi nyota, hapewi hata bia. Neno la Veronika, ambalo kila alfajiri ng'ombe akimkanyaga husikika hadi barabarani pamoja na mengine, halina hata nukta. Naomba nyota ihamishwe.

3. Ndugu. Wajerumani wana melken, Warumi wa kale walikuwa na mulgere, Wagiriki nao amelgo, na Waairishi wana lao ambalo Daktari alilitamka akiwa amefumba macho. Wahindi wa kale, eti, kwao mzizi uliishia kwenye kupangusa. Ukoo wote huo, na anayeinama chini ya ng'ombe ni mjane mmoja mwenye goti bovu. Ni kama msibani: wa mbali ndio wanaojua kulia, wa karibu anachimba kaburi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Gari la kiwanda cha maziwa halifiki tena kwetu, maana ng'ombe amebaki huyu mmoja. Veronika anasema theluji haitamkuta zizini, atamuuza. Nilimuuliza Daktari, neno litabaki na kazi gani? Akanijibu, "Usihofu, mzee Anicetas, tumeshalihifadhi." Nikauliza kama Žalmargė naye anaenea kwenye hicho kinasa sauti. Akaendelea kutafuna. Mdomo ulikuwa umejaa jibini ya Žalmargė.

Kwa hiyo naomba Idara imtambue Žalmargė kuwa chanzo cha utafiti, na impatie nyasi kavu za majira ya baridi kama inavyovipatia vitabu vyake joto. Bajeti ikigoma, basi wajukuu wa mzizi waje kwa zamu: Mjerumani Jumatatu, Mwairishi Jumanne, Mgiriki akipenda. Mhindi apanguse ndoo. Mrumi tunamsamehe, ni marehemu.

Nitafurahi kupata jibu kabla hatujachimba viazi. Wasalimu wahadhiri, wapishi wa kantini, na Daktari Skirmantė, ambaye alisahau mwavuli wake zizini. Mwambie mpini umeliwa.

Wako katika ukoo wa melg,
Anicetas Girdžius

Nyongeza: Nimempelekea Veronika barua hii ili naye atie sahihi. Amekataa. "Jirani, neno hili unalipenda sana. Umewahi kulishika kwa mikono?" Kumbe Žalmargė aliuzwa jana. Maziwa ya chai tuliyokunywa yalikuwa ya boksi, na Veronika leo ameamka saa tatu asubuhi.