Sampuli ya Gurudumu la Kushoto

Jumatatu, 2 Juni

Baridi ya Iringa leo haina adabu. Lakini damu yangu inachemka. Sababu: Yohane.

Jumapili ni Pentekoste. Mtoto wa shemeji yangu anapata kipaimara Mbeya, na bibi yake, yaani mama mkwe wangu wa Ilula, lazima awepo. Nani atampeleka? Nikawahi kwenye kundi la WhatsApp la familia: mimi hapa! Kabla sijaweka simu chini Yohane naye kaandika kwamba gari lake lina nafasi. Akabandika na picha yake, limeoshwa hadi matairi. Mshamba.

Niandike ukweli, maana hapa nasoma mwenyewe. Mama mkwe hajawahi kunisemesha. Ni mtu wa zamani, na kwake mkwe wa kiume ni wa kuheshimiwa kwa mbali. Akitaka kuniambia kitu anamwambia mke wangu, Paskalina, hata kama nimekaa pale pale na kikombe mkononi. Sawa, mila. Ila Yohane, aliyemwoa Bertha, mdogo wake Paskalina, anaitwa "mwanangu" mchana kweupe! Anatumwa chumvi! Mimi sijawahi kutumwa hata kiberiti. Inaniuma sana. Safari hii lazima anisemeshe. Neno moja tu linatosha.

Paskalina kaweka kizuizi. Kasema mama yake hapandi gari letu mpaka breki zitengenezwe. Nikamuuliza breki zina nini. Kasema zinalia, na zikishikwa gari linakimbilia kushoto. Nikamweleza kwamba gari la umri ule lina upande linaoupenda, ni kama mtu.

Fundi wa jirani kaangalia. Breki pedi za mbele zimekwisha, chuma kinasaga chuma. Anataka afungue magurudumu yote mawili. Ujanja huo naujua! Nitafungua moja mwenyewe, nichukue sampuli, nikanunue.

Jumanne, 3 Juni

Nimefungua la kushoto. Kidole gumba kimevimba. Pedi imetoka, nyembamba kama biskuti.

Nikaenda nayo kwa Mzee Himmat, kule mjini. Duka la spea walianza na baba yake. Mzee kanisalimia "Kamwene" kabla sijafungua mdomo, na Kihehe chake kinanishinda mimi mtu wa Mbeya. Akaigeuza sampuli, akauliza gari la mwaka gani. Nikamwambia la zamani. La zamani kiasi gani? Nikamwambia la kabla sijaoa.

Akaniwekea maboksi matatu mezani. Kasema hizi ngumu, zinakaa muda mrefu lakini zinakula diski. Hizi laini, zinashika vizuri ila zinakwisha mapema. Hizi za katikati. Nikauliza ipi nzuri. Kasema inategemea. Inategemea nini? Inategemea unataka kusimama au unataka kudumu. Nilitaka vyote viwili! Nimesimama pale hadi nikasahau nilichofuata.

Halafu kauliza sampuli ni ya kushoto au ya kulia. Nikacheka. Nikamwambia mzee, ndala ndizo zina kushoto na kulia. Hakucheka. Kasema niilete na ya kulia aione. Kumbe! Yeye na fundi lao moja. Nikapiga picha maboksi yote, nikaaga kwa heshima.

Jumatano, 4 Juni

Mpango mpya, na ni mzuri. Binamu yangu Anyitike anauza spea Mbeya, Mwanjelwa. Ndugu hawezi kuniibia. Nimeifunga sampuli kwenye gazeti, nikampa kondakta wa basi la asubuhi, nikamtumia Anyitike namba ya gari. Nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Nilipofika ndipo nikaona gari limekaa juu ya mawe, gurudumu moja limelala pembeni, na breki yake iko njiani inaelekea Makambako. Sasa haliendi popote. Hili sikulipanga.

Yohane akapita. Bila shaka alikuwa anapeleleza. Akauliza kulikoni. Nikamwambia napumzisha springi. Akainama, akachungulia uvungu muda mrefu, akasema eeh, zinahitaji. Alinionea huruma, niliona. Sipendi.

Jioni Anyitike kapiga. Amepata za mtumba kutoka Japani, bado nene. Nikamuuliza ni ngumu au laini. Kasema ni za gari. Nikamuuliza zitasimamisha au zitadumu. Akaniomba nirudie. Kisha kauliza kama naumwa.

Alhamisi, 5 Juni

Mzigo umefika! Pedi nne, za magurudumu mawili, na juu yake mkungu wa ndizi kutoka kwa shangazi. Ndugu ni ndugu.

Kushoto: zimeingia kama zilizaliwa humo. Nikamwita Paskalina aje aone. Akasema hongera, na kulia? Nikasema kulia ni dakika tano.

Kulia haziingii. Masikio yake mapana. Nikazigeuza. Haziingii. Nikageuza boksi, nikasoma Kijapani. Hapana. Nikampigia Anyitike, nikamwambia amenipa za kushoto nne. Akaapa kwa mama yake kwamba alifananisha na sampuli niliyotuma. Nikakata simu kwa hasira.

Halafu nikazitoa zile za zamani za kulia. Jamani! Hazifanani kabisa na zile za kushoto! Umbo jingine, urefu mwingine. Kichwa kikaniuma. Gari moja, mtu mmoja, vipi breki mbili tofauti? Nikakaa kwenye ndoo nikawaza, nikapata jibu. Yohane! Si aliinama uvunguni jana?

Nikamweleza Paskalina. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha kauliza kama nimesahau Mafinga. Eti mwaka jana niligonga jiwe pale kwa gurudumu la kulia, kichwa cha breki, kile kinachoshika pedi, kikapasuka, nikamwagiza Anyitike kingine, akatuma kilichotolewa kwenye gari la aina nyingine, na mimi mwenyewe nikasema kinafanana, kifungwe. Sikumbuki vizuri. Inawezekana. Lakini Yohane bado simwamini.

Ijumaa, 6 Juni

Kwa Mzee Himmat tena, nimebeba ya kulia. Hakunikumbusha alichosema Jumanne. Watu wa namna hiyo wanachosha zaidi kuliko wanaosema.

Anazo. Ila boksi lina pedi za magurudumu mawili, na mimi nina gurudumu moja la aina hiyo. Nikaomba aniuzie nusu boksi. Akauliza nusu nyingine atamuuzia nani. Nikamwambia mtu kama mimi. Kasema amekaa dukani miaka mingi na hajamwona. Nilichukulia ni sifa.

Akauliza kushoto nimeweka nini. Nikamwambia za mtumba, ngumu. Kasema basi na kulia niweke ngumu, au bora nibadili kile kichwa pande zote zilingane. Mzee wa watu anataka kuniuzia duka zima. Nikachukua laini. Kwa akili yangu: kushoto patadumu, kulia patasimama. Nimepata vyote viwili, kitu alichosema hakiwezekani.

Kuzifunga kulikuwa na kazi. Ni nene, zinabana. Nikatumia nyundo, si sana. Kisha nikaenda kulijaribu Kihesa. Hazilii! Na gari halivuti tena kushoto. Linavuta kulia. Paskalina anasema hilo ni tatizo lile lile. Si lile lile. Limehama. Hayo ni maendeleo, ila nyumba hii haina mtu wa kuyatambua.

Jumamosi, 7 Juni (Mbeya)

Siku kubwa. Nianze mwanzo.

Tumeondoka alfajiri kumfuata mama mkwe Ilula. Nilitaka nimwahi Yohane. Nikamkuta tayari, anafuta vioo, Bertha anakunywa uji. Mama mkwe akatoka na kitenge kipya na kapu. Akatutazama wote wawili, kisha akamwambia Paskalina atuambie kwamba mume wa binti mkubwa ndiye anayetangulia, kwa hiyo yeye atapanda kwangu. Basi! Hakuuliza breki. Hakuuliza chochote!

Nikamvuta Paskalina pembeni. Kumbe angepanda tu siku zote? Kasema ndiyo, taratibu ni taratibu, mama yake hawezi kuruka mkubwa. Sasa wiki nzima nimehangaikia nini? Kasema breki alizitaka yeye, maana ndiye mwenye watoto.

Mama mkwe akakaa nyuma na watoto. Yohane akafuata na Bertha. Kwenye kioo nilimwona mdogo, mbali, nyuma yangu. Nilifurahi mno. Tulipopita Ipogolo mama mkwe akaanza kuimba tenzi. Mafinga bado anaimba. Igawa macho kafumba, anaimba. Mtu mwenye wasiwasi haimbi, nikajisemea. Nikampelekea ujumbe kupitia Paskalina kwamba ana sauti nzuri. Jibu halikuja.

Inyala tukaanza kuteremka Mlima Nyoka. Moshi ukaanza kupanda upande wa kulia. Kidogo, kisha si kidogo. Mama mkwe akamwambia Paskalina aniulize ni nini. Nikasema ni ukungu, Mbeya ndivyo ilivyo. Baada ya kona akamwambia Paskalina aniulize kama kwetu Mbeya ukungu unanuka kuungua. Nikasema huku chini wanachoma mashamba. Nilikuwa nimeweka gia ndogo na kukanyaga kwa miguu yote miwili. Naogopa hata kuandika. Kona ikaja, mguu ukawa unazama tu.

Hapo ndipo sauti ikatoka nyuma. "Obeid! Simama!"

Siyo kwa Paskalina. Kwangu! Kwa jina!

Nilisimama. Yaani gari lilisimama lilipotaka, baada ya kukata kulia na kuvuka hadi ng'ambo ya barabara, pua ndani ya majani. Namshukuru Mungu hakuna lori lililokuwa linapanda. Paskalina alikuwa analia, na nikamshika mkono, na mimi nikawa karibu kulia.

Mama mkwe akashuka, akachukua kapu lake, akavuka barabara taratibu na kuingia gari la Yohane. Paskalina akamfuata na watoto. Niliumia. Nilisubiri gurudumu lipoe, nimekaa peke yangu kwenye majani, nikala ndizi.

Lakini tuhesabu vizuri. Kutoka Ilula hadi Mlima Nyoka ni kwangu. Yohane kapata kipande cha mwisho tu, tena cha mjini. Na nani kaitwa kwa jina lake?

Jumapili, 8 Juni

Ibada nzuri. Mtoto kapendeza. Kwenye chakula Yohane alitumwa chumvi, lakini sikujali kama zamani.

Nikamtuma Paskalina akaulize kesho tunaondoka saa ngapi. Jibu: mama atapanda basi. Kwa nini? Kwa sababu basi lina breki za hewa. Hata gari la Yohane kalikataa, eti asije akaonekana anapendelea. Paskalina naye atapanda basi. Watoto pia.

Jioni Anyitike kaangalia gari. Diski ya kulia imegeuka rangi ya bluu kwa joto. Akasema nilizipiga nyundo mimi, pedi zimebana, hazikuachia tangu Iringa. Nimelala nikiwaza. Hapana. Kama magurudumu ya mbele yamefanya kazi hadi kuungua, basi ya nyuma yalikuwa yamekaa tu. Kosa liko nyuma!

Jumatatu, 9 Juni

Nimeamka mapema, nikafungua la nyuma. La kushoto tu, muda ulikuwa mdogo, na la kulia ni lile lile. Ndani kuna viatu vya breki, vimekwisha. Nilijua!

Anyitike anavyo dukani. Lakini nasikia vya nyuma bei yake ni nafuu Iringa.

Nikakimbia stendi na kiatu kimoja kwenye mfuko wa plastiki. Basi limeshawashwa. Nikampitishia Paskalina dirishani, nikamwomba amwombe mama ampelekee Mzee Himmat, maana yeye ndiye aliyekaa na kapu. Paskalina alinitazama sana. Mwishowe akamwambia.

Mama mkwe akafungua mfuko. Akaangalia kile kiatu, mafuta yakamchafua vidole. Akaniangalia mimi kupitia kioo, muda mrefu, hadi basi lilipoanza kutembea. Hakusema neno, wala hakumtuma Paskalina.

Nadhani sasa tumezoeana.