Kiti cha Nne

Jumatatu, 4 Machi
Bosi kawaka. Barua niliyomwandikia mteja kwa Kiingereza ilisema makochi yatafika wiki iliyopita. Yalifika wiki iliyopita! Tatizo liko wapi? Mteja kafuta oda.

Sasa bosi katangaza: msimamizi wa duka letu la samani atapatikana Ijumaa, kwa mtihani wa Kiingereza. Mwalimu mstaafu, mama mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, atatufundisha asubuhi. Mpinzani wangu ni mmoja tu: shemeji, kaka wa mke wangu, mtu wa stoo. Kazi nilimtafutia mimi mwenyewe! Shukrani ya punda mateke.

Jioni nimemwambia mke wangu cheo nimeshapata. Kapiga vigelegele, kampigia mama yake. Mama mkwe anakuja Jumapili kunipongeza. Basi lazima nishinde.

Jumanne, 5 Machi
Somo: vishazi tegemezi. Kitenzi cha mbele kikirudi jana, cha nyuma nacho kirudi, kama trekta na tela. Ila jambo la kweli siku zote, mfano jua kuchomoza mashariki, halisogei. Na ukisema "mgeni atakapofika", Mwingereza hataki wakati ujao hapo. Mtu yuko njiani, unamsema kama kashaingia! Hilo nimelipenda.

Shemeji anaandika mpaka jasho. Masikini.

Mimi nina macho. Tumekaa kwenye viti vya kuuza, mstari mmoja. Mwalimu anaanzia mlangoni, kila mtu na sentensi yake ya kutafsiri, kwa mpangilio wa ubaoni. Dereva kiti cha tatu, mimi cha nne. Kwa hiyo yangu ni ya nne tu! Nikaikariri hiyo, nyingine nikaziacha na wenyewe. Mwalimu kasema nina kipaji.

Jumatano, 6 Machi
Dereva kachelewa. Nikapiga hesabu haraka: leo mimi wa tatu. Nikakariri ya tatu: mgonjwa alikuwa ameshakufa daktari alipofika. Safi. Mara dereva huyo, kaingia anahema, kakaa kitini kwake. Kaichukua!

Mwalimu kanigeukia, kaniuliza ya nne: mama mkwe atakapofika nitafanya nini. Nikamjibu kwa sauti kwamba mgonjwa alikuwa ameshakufa. Fundi wa vanishi kacheka mpaka kashika ukuta.

Baadaye shemeji kaja kwa adabu, kasema mtaka cha uvunguni sharti ainame, tusome wote. Nikamwambia nauza vitanda miaka yote na sijawahi kuinama.

Ijumaa, 8 Machi
Dereva nimemmaliza. Nimemtuma kupeleka kabati kwa mteja wa mbali, eti amri ya bosi. Kiti chake kitupu. Mimi wa tatu, hakuna ubishi. Sentensi za mtihani ziko ubaoni tangu jana; ya tatu nimeikariri mpaka mke wangu ananisikia nikiisema usingizini.

Mwalimu kachelewa kidogo, duka likafunguliwa. Kaingia mama mmoja anatafuta kiti cha sebuleni. Akakaa kwenye kile cha dereva, akajaribu mto, akajaribu na mgongo. Mwalimu, miwani ikining'inia shingoni, hakumtofautisha mteja na dereva, akamuuliza sentensi ya tatu. Na yule mama akajibu! Tena sawasawa!

Zamu yangu. Kichwani nina moja tu. Nikaisema hiyohiyo. Mwalimu akauliza kwa nini namwigiza mwenzangu. Nikamwambia yeye ndiye kaniigiza, ila katangulia.

Shemeji kafanya vizuri kuliko wote, cheo kachukua. Yule mama kapata alama kunishinda, na kiti kakinunua.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe kaja. Vigelegele mpaka majirani wametoka nje. Vyote kwa mwanawe. Mke wangu kaniuliza, mbele ya watu, mimi cheo changu kipi. Nikasema niliposema "nimepata" nilimaanisha ukoo umepata. Imeniuma jamani.

Shemeji kaniokoa. Kasema bila mimi asingekuwa na kazi, na kwamba bosi anamtafutia msaidizi. Mtihani mwingine mwezi ujao. Kaahidi kunifundisha kila jioni. Nimemshukuru. Sitaenda, sina muda huo.

Kosa langu nimeliona: ni kukaa karibu na dereva. Safari hii nakaa kiti cha kwanza, mlangoni. Hapo nani atanisogeza?

Nimemsindikiza mama mkwe kituoni. Nimemwambia usaidizi nimeshaupata.