Babu Asikohoe Alhamisi

Jumatatu, 3 Machi
Nimegundua njama. Humu ndani tuko watatu, na mwenye macho ni mmoja. Mimi. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini jicho langu lina digrii.

Tangu Babu apate kiharusi mwezi uliopita, nyama haimfikii. Anapewa viazi vilivyopondwa mpaka vimesahau kwamba vilikuwa viazi. Chai yake hukorogwa na unga wa kopo hadi kijiko kinasimama dede. Mpishi ni Shangazi. Je, mnofu wa Babu unaingia tumbo la nani? Sisemi. Naandika tu.

Amri hizi zililetwa na mtaalamu wa kumeza kutoka hospitali. Ndiyo, kazi hiyo ipo! Mimi nameza tangu nizaliwe, bila cheti. Nimempa jina Dada Kijiko. Akimaliza na Babu, huingia jikoni kwa Shangazi wakanong'ona. Mtu mwema hunong'ona nini?

Jumanne, 4 Machi
Babu kagoma. Kafunga mdomo kama mlango wa duka siku ya msiba. Amekonda, suruali anaifunga kwa kamba ya begi langu la zamani. Kasema, kwa ule upande wa mdomo uliobaki na nguvu, kwamba ameshona makochi ya nusu ya mji huu na hatakufa akila gundi.

Shangazi akalia. Kwa kamasi. Nikamchunguza. Waigizaji nao hulia.

Dada Kijiko akasema atampima upya Alhamisi. Akifaulu, huenda akaruhusiwa chai ya kawaida. Asipofaulu, na akiendelea kugoma, atalazwa apitishiwe mpira puani wa kumlishia. Babu akanitazama. Machozi yakamlengalenga. Mzee huyu ndiye aliyenilea! Nikamnong'oneza asihofu, mjukuu wake yupo kazini.

Jumatano, 5 Machi
Siri nimeipata!

Mara ya kwanza anapimwa nilikuwa nyuma ya pazia, nikaona kila kitu. Dada Kijiko alimpa maji kijiko kimoja kimoja, akamwekea vidole kooni, akamwambia aseme "aaa". Kisha kikombe. Babu akapaliwa, akakohoa. Papo hapo dada akaandika. Kumbe kosa ni kukohoa! Mwanafunzi haanguki kwa kutojua. Huanguka kwa kuonekana hajui. Hilo ndilo somo pekee nililolielewa shuleni.

Leo Shangazi kaenda sokoni, nikafungua chuo. Maji matupu, bila unga. Ishara: nikijikuna sikio, Babu akimeze kikohozi. Kikombe cha kwanza, alikohoa hadi meno ya bandia yakaruka na kutua ndani ya kiatu changu. Nikamwambia hayo ni maksi sifuri. Akaniita kiroboto. Tukaendelea. Kikombe cha nne, kimya! Mishipa ilimsimama, machozi yakamtiririka, ila kimya. "Aaa" yake ilisikika kama ya mtu aliye ndani ya ndoo ya maji. Nikasema hiyo itahesabiwa lafudhi.

Mwalimu wa namna hii hazaliwi mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi
Siku mbaya. Mbaya!

Babu hakukohoa hata kidogo. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilijikuna sikio mpaka likaota joto. Nikangoja pongezi. Dada Kijiko akaweka kalamu chini. Akauliza homa hii imeanza lini. Homa ipi? Akaniambia nimguse paji la uso. Nikagusa pasi.

Akasikiliza kifua, kisha akanigeukia. "Mdogo wangu, mbona sikio linakuwasha kila akimeza?"

Nikasema mbu. Babu, msaliti wangu, akamwaga yote.

Dada hakupaza sauti. Heri angepaza. Akasema kikohozi ni mlinzi wa mlangoni. Maji yakikosea njia yakaelekea mapafuni, mlinzi huyo ndiye anayeyafukuza. Mimi nimemziba mlinzi mdomo, kisha nikawakaribisha wezi kwa vikombe vinne.

Shangazi akavua kandambili. Kilichofuata hakiandikiki.

Babu kapelekwa hospitali. Nilimbeba hadi kwenye gari. Mwepesi, kama mto wa kochi usio na sufi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimonia. Sindano asubuhi na jioni, hewa ya mtungi puani. Nimekaa kwenye benchi la wodini tangu jana, nahesabu pumzi zake. Nikikosa moja naita muuguzi. Muuguzi kanikataza kuita.

Shangazi hanisemeshi. Husukuma bakuli tu. Leo nimemsikia akimwambia Dada Kijiko kwamba tangu Babu augue, mnofu wake amekuwa akiufukia chini ya chakula changu, maana mimi ndiye ninayemnyanyua mzee kitandani. Eti yeye hula mchuzi.

Nimetafakari sana. Kwa nini alitaka ninenepe?

Jumanne, 11 Machi
Homa imeshuka! Dada Kijiko kampa Babu somo. Kaa wima. Inamisha kidevu kidogo. Kijiko kidogo, umeze mara mbili. Usiongee huku kinywani mna kitu. Na ukitaka kukohoa, kohoa! Kisha akampa chai, nzito kidogo tu, inamiminika kama chai ya Mungu. Babu akanywa. Akakohoa mara moja, safi, kwa nguvu. Wakapiga makofi wodi nzima. Mimi nilipiga zaidi ya wote. Mpira wa puani hautahitajika.

Ijumaa, 14 Machi
Babu yuko nyumbani. Anakula viazi vyake bila matusi.

Nimelipima jambo hili kwa akili timamu. Bila mimi, asingelazwa. Bila kulazwa, asingepata lile somo. Kwa hiyo aliyemponya ni nani? Dada Kijiko hajanishukuru. Ni wivu wa kazi, nimeshamsoma.

Lakini kipaji hakifichiki. Jirani yetu, dereva wa lori la kokoto, kaja analia. Jumatatu anapimwa macho kazini, na ile mistari ya chini ya ubao wa herufi kwake ni sisimizi. Nikamwambia avute kiti. Nimemnakilia ubao wote kutoka ukutani kule hospitali. Tunakariri. Hadi saa hii ameshika mistari mitano bila kufungua macho!

Shida ni Babu tu. Tangu tuanze, anakohoa chumbani kwa makusudi, kwa sauti kubwa. Nimemwomba apunguze. Anatuvurugia masomo.