Kamati Kuu ya Pumzi Safi

Napenda kuutangazia umma kwamba Idara ya Vibali imeshinda vita dhidi ya harufu mbaya ya kinywa. Nasema hivi mimi niliyekuwa Katibu wa Kamati Kuu ya Pumzi Safi, cheo nilichokipendekeza mwenyewe baada ya kutafakari kwa kina nani anakifaa.

Tatizo lilianzia ukumbi wa mikutano. Kila mara Mkurugenzi alipofungua kikao, hewa ilibadilika. Mhasibu alikimbilia dirisha. Bibi wa masijala aliomba ruhusa akamzike shangazi yake, shangazi ambaye tulikwisha mzika. Mimi nilikaa mwisho kabisa wa meza, ili wenzangu nao wapate heshima ya kukaa karibu na kiongozi.

Siku moja Mkurugenzi mwenyewe akauliza, kiganja kikiwa shavuni, "Jamani, hii harufu inatoka wapi?"

Wenzangu wakainamia madaftari yao. Nikasimama, maana uongozi ni kuthubutu.

"Ni wananchi, Mheshimiwa. Inaingilia dirishani."

Kamati ikaundwa hapohapo. Tulijadili kwa mapana na marefu maji ya majani ya mpera ya kusukutua, mnanaa, karafuu na mswaki wa mwarobaini. Ni dawa za bibi zetu, na kweli hupunguza vijidudu vya kinywani. Kasoro yake ni moja tu: watu walikuwa wakizitumia bila mwongozo. Tukautoa mwongozo. Kila mwenye shida asukutue langoni, atafune karafuu, anuswe, ndipo aingie. Mlinzi wetu, ambaye watu walimwita Pua kwa sababu inayoonekana tangu mbali, akapandishwa cheo kuwa Mnusaji Mkuu. Langoni tukabandika amri: hapiti mtu bila kunuswa, awe nani, awe wa nani.

Mafanikio yalikuwa makubwa. Foleni ndani ya jengo ilikwisha kabisa, kwani yote ilihamia nje, juani.

Asubuhi moja akafika fundi cherehani, kanga mabegani, macho mekundu. Mumewe alikuwa amelazwa, tumbo limemvimba, na bila kibali chetu asingehamishiwa hospitali kubwa kupasuliwa. Pua akamnusa, akatikisa kichwa.

"Dada, kinywa kinanuka njaa."

"Nimelala sakafuni kando ya kitanda cha mgonjwa, kaka yangu. Sijatia kitu mdomoni tangu jana."

"Sukutua tena."

"Nimesukutua mpaka ulimi umeota gome!"

Nikaona niingilie kati, kwa upole unaotakiwa na utumishi. "Mama, njaa haimo kwenye mwongozo. Tukikuachia wewe, kesho watatujia wote na njaa zao."

"Mume wangu atakufa, baba."

"Pole sana. Akifa, kuna dirisha jingine."

Hakuondoka. Alikaa chini ukutani, akaegemeza kichwa, akatutazama tu. Utovu wa nidhamu wa aina hiyo ni mgumu kuushughulikia.

Bahati nzuri siku hiyo tulikuwa na wageni kutoka wizarani, waliokuja kujifunza kwetu. Mkurugenzi akaamua kuwaonyesha mfano kwa vitendo. Akashuka garini, akasogea langoni, akamwinamia Pua.

"Ninuse, kijana. Sheria ni msumeno."

Pua akanusa. Akapepesuka, akashika nguzo, machozi yakamlenga.

"Mzee, utanisamehe. Kasukutue."

"Pua!" nikafoka. "Unajua unamnusa nani?"

"Najua, bosi. Hata ningefumba macho ningejua."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Wageni wakatoa leso, wakajifanya wanapiga chafya. Mkurugenzi, kwa hasira, akanyakua kikombe akasukutua. Mara akapiga ukelele, akajikuta amekaa chini ukutani, ubavuni mwa fundi cherehani.

"Hebu fungua mdomo, baba," yule mama akasema. Akachungulia, akaguna. "Jino limeoza lote, na fizi imetunga usaha. Hapo majani hayawezi. Nenda ukang'olewe."

"Naogopa," Mkurugenzi akasema. Sauti ile hatukuwahi kuisikia kikaoni.

"Hata mume wangu anaogopa kisu. Saini hapa, twende wote."

Akasaini, karatasi ikiwa juu ya goti la yule mama, mbele ya wageni. Kisha wakaondoka kwa gari la Idara. Nilipinga, lakini mlango wa gari ulikwisha fungwa.

Mgonjwa alipasuliwa, akapona. Mkurugenzi naye alirudi kazini, shavu limevimba, jino halipo, akatuita wote.

"Nani alijua?"

"Mheshimiwa," nikasema, "tulikuwa tunakuheshimu."

"Mkaniacha nioze." Akatutazama mmoja mmoja. "Basi. Kamati imekufa. Wajumbe wote, dirishani. Mkahudumie watu."

Ndiyo maana naandika taarifa hii nikiwa na majonzi. Hali katika Idara ni mbaya. Mtu anafika asubuhi, anaeleza shida yake, anapewa kibali, anakwenda zake. Jana nimekaa dirishani kutwa nzima, na hakuna hata mmoja niliyepata nafasi ya kumwambia arudi kesho.