Mjomba Anapima Mvutano wa Dunia

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza ya fizikia, darasa la wanasayansi na wahandisi watarajiwa. Nimeketi mbele kabisa. Miwani safi, kalamu mbili. Nilipoingia vijana walisimama, wakidhani mimi ndiye mhadhiri. Sikuwa na haraka ya kuwasahihisha. Raha ikawa fupi: mpwa wangu, binti wa dada, akaniamkia kutoka safu ya nyuma kwa sauti ya mnadani, shikamoo mjomba! Sasa darasa zima linaniita Mjomba. Hata wenye ndevu.

Mhadhiri mwenyewe akaingia. Mama mfupi, jina la utani Onyesha Njia, kwa sababu huandika maneno hayo kwa wino mwekundu kwenye kila karatasi. Akatufundisha maana ya kazi. Akasema mtu akibeba ngazi begani na kutembea nayo kwenye sakafu tambarare, ngazi haikupanda wala kushuka, basi kazi aliyoifanya dhidi ya mvutano ni sifuri. Sifuri! Mimi fundi umeme, nimebeba ngazi tangu sijaota ndevu. Nikanyoosha mkono, nikamwambia aje ayaulize mabega yangu. Akajibu kwamba mabega yangu anayaheshimu sana, ila mtihani hautayauliza.

Mwishoni akasoma sheria. Atakayekosa nusu ya alama za maabara anaondolewa uhandisi, hakuna kubembelezana. Nikameza mate. Mke wangu ameshaanza kuniita mhandisi mbele ya majirani, na magoti yangu hayataki tena kupanda mapaa. Nitafaulu, watake wasitake.

Jumanne, 4 Machi

Makundi ya maabara yamepangwa. Nimewekwa meza ya mpwa wangu, na kiongozi wa meza ni yeye. Mimi niliyemfuta kamasi! Nimekataa. Nimemweleza mhadhiri kwamba mtu mzima hufikiri vizuri akiwa peke yake. Mpwa akanivuta pembeni, akasema heshima yangu iko palepale, nije tu tushike uzi pamoja. Nikamjibu kwamba mjomba hashikiwi uzi. Nimepewa meza ya peke yangu karibu na sinki. Linavuja.

Jaribio la Alhamisi ni kupima mvutano wa dunia kwa tufe dogo la chuma linaloning'inia kwenye uzi. Wao wanaita pendulamu. Mimi naona ni timazi ya mwashi iliyokosa adabu, haitulii. Unaihesabu ikienda na kurudi mara kumi, unapima muda, unapiga hesabu. Mchezo wa watoto.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Saa ya kupimia sekunde kwenye meza yangu, ya zamani ya kutia ufunguo, ilikuwa inasuasua. Mtu mwingine angemwita mtunza maabara. Fundi hamwiti mtu. Nikaifungua kwa bisibisi yangu. Springi ikaruka, ikapita juu ya kichwa cha mpwa wangu, ikazama kwenye sinki. Nikaifunga saa haraka. Kwa nje, nzima kabisa. Mpwa akauliza kama kuna tatizo. Nikasema hakuna, naipumzisha.

Saa haiendi, lakini akili inakwenda. Jibu si liko kitabuni? Tisa nukta nane moja! Nikaanzia kwenye jibu nikarudi nyuma, nikatunga muda wa kila uzi, mrefu kwa mfupi. Namba zikanyooka kama nyaya mpya. Meza ya pili walikuwa wanagombana, huyu kapata tisa na nusu, yule kumi. Nikawaonea huruma. Pale panapoulizwa makosa ya jaribio nikaandika: hakuna.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeitwa ofisini. Nikavaa shati la kola, nikijua ni pongezi. Mhadhiri akanipa kiti, akasema matokeo yangu ni mazuri kuliko ya mwanafunzi yeyote aliyewahi kumfundisha, mazuri hata kuliko yake mwenyewe. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha akavuta droo, akatoa saa yangu, akaniomba niianzishe.

Nikaibonyeza. Nikaitikisa. Nikaipuliza. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia palepale mezani. Kumbe mtunza maabara aliikuta springi alipokuwa anazibua sinki. Mama akachukua kalamu nyekundu. Safari hii hakuandika onyesha njia, aliandika sifuri. Jumatatu nirudie mbele yake, kwa saa inayofanya kazi. Nikiharibu tena, kwaheri uhandisi.

Nyumbani mke wangu akauliza, mhandisi umeshindaje? Nikasema vizuri. Naogopa. Naandika hapa kwa sababu sina pa kulisemea hili.

Jumapili, 9 Machi

Nimeweka fahari kando, nimekwenda kwa dada. Nikamwambia mpwa kwamba nimekuja kumsaidia kufanya marudio. Akanitazama, hakunicheka, akaleta uzi na kufuli. Tukaning'iniza mlangoni. Nikapima kwa uaminifu wote, jasho likanitoka. Kumi na mbili! Nikarudia. Kumi na mbili! Nikasema labda nyumba yao imejengwa mahali pazito. Dada akajibu kutoka jikoni kwamba uzito nimekuja nao mimi.

Mpwa akaniomba nihesabu kwa sauti. Nikaachia kufuli: moja! Akanizuia hapohapo. Akauliza, mtoto akizaliwa leo, leo hiyohiyo ana mwaka mmoja? Ukiachia ni sifuri, mjomba, moja ni ikisharudi. Kumbe nilikuwa nahesabu safari ambayo haijafanyika. Tukaanza na sifuri. Tisa nukta sita! Nikamkumbatia, kufuli likanigonga kisogo. Nilifurahi kuliko siku niliyooa, na mke wangu asisome hapa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepima mbele ya Onyesha Njia. Nilitamka sifuri kwa sauti hadi mtunza maabara akageuka. Tisa nukta sita tena. Kalamu ilitaka kuandika tisa nukta nane, macho ya mama yakairudisha. Akauliza kosa limetoka wapi. Nikasema nilichelewa kubonyeza saa mwishoni. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema kosa unalolijua na kulieleza lina thamani kuliko jibu la kunakili. Amenipa nusu na kidogo juu yake.

Nimebaki uhandisi! Mpwa alikuwa ananisubiri mlangoni, akanipa hongera.

Jumatano, 12 Machi

Nimetafakari sana. Sasa nimemwelewa yule mama. Kumbe hapendi majibu, anapenda makosa! Si angesema tangu mwanzo?

Jaribio la kesho ni la joto la maji. Birika lenyewe sijaliona, lakini matokeo yangu yako tayari, nimeyamaliza leo kabla chai haijapoa. Makosa nimeyatia kwa uangalifu, dogo, la wastani na moja la kusikitisha kidogo, kila kosa na maelezo yake. Limebaki moja zuri sana. Hilo nitampa mpwa wangu kesho asubuhi, kwa shukrani.